Mshika Mkanda wa Kocha

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika mkanda wa suruali ya mwanamume mwenzangu mbele ya watu elfu mbili, mvua inanyesha, saa ya uwanjani imebakiza sekunde kumi na moja. Nyinyi mkakunja gazeti mkaenda kula. Mimi nikabaki pale pale, nimeshika.

Kabla sijaendelea, dada mmoja ameniandikia kuuliza kama kweli hiyo ni kazi ya mtu mwenye akili zake na mke nyumbani. Dada yangu, ni kazi. Pembeni mwa uwanja wetu kuna ukanda mweupe, na ukanda ule ni njia ya mwamuzi. Yeye hukimbia macho yakiwa kwenye mpira, mbele haangalii. Kocha akiingia humo wakagongana, timu nzima inaadhibiwa. Na Kocha Mkuu wetu, Verlyn Stuhr, akipandwa na hasira hajui hata jina lake, sembuse ukanda. Kwa hiyo mmoja wa wasaidizi wake hukaa nyuma yake mchezo mzima, kamshika mkanda, anamrudisha kama mbuzi aliyeona mahindi.

Hapa Chuo cha Harlan Creek, Nebraska, msaidizi huyo ni mimi, Curtis Novotny. Kwenye karatasi mimi ni kocha wa wadakaji, wale wanaopokea mpira unaporushwa. Wachezaji wananiita Mkia.

Na kwa mliokosa gazeti la wiki jana: kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake tunafagiliwa naye. Ndivyo ilivyo kwenye mpira huu wa Kimarekani, wala hakuna anayeona ajabu. Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi vyuo saba na kuishi nyumba saba. Mke wangu Janelle ana maboksi kumi na mawili ambayo hajayafungua tangu tulipokuwa Kansas. Binti yetu Maren amebakiza mwaka mmoja wa sekondari, na nilimwapia mbele ya mama yake kwamba mwaka huo ataumaliza hapa hapa mjini Orrin, kwenye bendi hii hii, na tarumbeta yake hii hii.

Bi. Gwendolyn Ackerman, mkurugenzi wa michezo, alikuwa ameshatuambia: tukishinda mchezo huu wa mwisho tunabaki. Tukishindwa, tufungashe.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, ishirini na moja kwa ishirini.

"Mkia!" Kocha Stuhr akanguruma bila kugeuka. "Unanibana tumbo!"

"Rudi nyuma, mzee."

"Niko nyuma!"

"Mguu wako wa kushoto haupo nyuma."

"Mguu wangu wa kushoto una akili zake!"

Nikamvuta. Mpira ukarushwa.

Ukaenda kwa Broderick Oyler. Sasa huyu Oyler, nawaambieni, ni kijana niliyemtoa mimi kwenye shule ya kijiji chenye watu mia mbili, wanakocheza sita sita kwa sababu hawafikishi wachezaji kumi na mmoja. Makocha wenzangu walinicheka mwaka mzima. "Novotny kaenda kuvua, karudi na kiatu," walisema.

Basi kile kiatu kikaruka juu, kikadaka mpira kwa mkono mmoja mbele ya watu wawili, kikateleza nao nje ya mstari kwenye yadi ya kumi na nane kutoka mstari wa goli. Saa ikasimama. Sekunde nne. Kutoka pale mpigaji wetu anapitisha mpira katikati ya milingoti hata akiwa amesinzia. Pointi tatu, ushindi, Maren anamaliza shule.

Kiherehere kikaniponza. Niliachia mkanda.

Ndiyo. Mimi niliyeajiriwa kushika, niliachia. Nilikimbia na ule ukanda mweupe mikono yote juu, napiga kelele, "Kiatu! Kiatu kimedaka!" Hatua tatu tu. Ya nne ikanikutanisha na mwamuzi aliyekuwa anakuja mbio, kifua kwa kifua. Yeye akaenda chini na kipenga chake mdomoni.

Mimi nilipepesuka. Kisha nikasikia mtu kanikamata koti kwa nyuma, ananivuta kwa nguvu zote. Kugeuka, namwona Kocha Stuhr, uso mwekundu, kanishika kwa mikono miwili ananitoa ukandani. Miaka mitatu namvuta yeye. Siku aliyonivuta yeye ndiyo siku nisiyoweza kuisahau.

Kitambaa cha njano, kile cha adhabu, kikaanguka kwenye majani.

Mwamuzi mkuu akatangaza: "Benchi la Harlan Creek. Kumgonga mwamuzi. Yadi kumi na tano."

Jina hakutaja. Kosa ni la benchi. Na jamani, hebu fikirieni: mvua kubwa, makocha wote tumevaa makoti mekundu ya aina moja na kofia zake, watu wote macho kwa Oyler, simu zote zimefichwa mifukoni zisilowe. Walipogeuka waliona nini? Mwamuzi chini, na Verlyn Stuhr, mtu ambaye jimbo zima linajua hasira zake, anavutana na mshika mkanda wake.

Jukwaa zima likaguna, "Stuhr tena!"

Nilitakiwa kuinua mkono pale pale. Sikuinua.

Tukarudishwa yadi kumi na tano, na ukijumlisha zile kumi na saba ambazo mpigaji husimama nyuma ya mpira na milingoti husimama nyuma ya goli, zikawa hamsini. Mpigaji wetu hajawahi kufikisha yadi hamsini hata ndotoni. Alijitahidi, masikini. Mpira ulikwenda umenyooka, ukachoka, ukaanguka chini ya mlingoti.

Ishirini na moja kwa ishirini.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo vijana walikaa vichwa chini. Kocha Stuhr akasimama katikati, anachuruzika maji.

"Sikilizeni," akasema. "Nyinyi mmeshinda mchezo huu. Aliyeshindwa ni mimi. Nina miaka sitini na mitatu na bado siwezi kukaa nyuma ya mstari. Asilaumiwe mpigaji, asilaumiwe mtu. Mimi."

Nilifungua mdomo. Oyler akanitazama. Nikakohoa, nikaufunga.

Nilijiambia mzee hakumbuki. Si jambo la ajabu. Mwezi wa tisa aliipasua hedifoni yake kwa mguu, dakika mbili baadaye akauliza nani kamwibia hedifoni. Hasira zikimpanda, kichwa chake ni ubao uliofutwa. Basi nikaamua kwamba anaamini kweli ni yeye, na kwamba kumsahihisha mbele ya watoto ni kumvunjia heshima.

Mnaona nilivyo mwungwana.

Nyumbani Janelle alikuwa jikoni anapasha mikate ya nyama na kabichi. Hakuniuliza tumefungwaje, alikuwepo. Aliniangalia tu tangu kofia mpaka viatu.

"Haya, Mkia. Mbona leo umemwachia mzee?"

"Alinizidi nguvu."

"Mzee wa miaka sitini na tatu mwenye goti la bandia?"

"Mkanda ulikuwa umelowa. Uliteleza."

"Uliteleza." Akageuza mkate. "Curtis, miaka kumi na tisa nimeishi na wewe. Ukidanganya unajikuna sikio."

Nikashusha mkono.

Maren akaingia na tarumbeta yake, bado kavaa sare ya bendi. Hakusema kitu kuhusu mchezo. Alichukua mkate, akauliza kwa sauti ndogo, "Safari hii tunahamia wapi?"

Ningependa kuwaambia kwamba hapo ndipo niliposema ukweli. Sikusema. Nilimwambia, "Tuone kwanza, mwanangu." Akaenda chumbani, na tarumbeta hakuipiga jioni nzima.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, kocha msaidizi wa chini kuliko wote huenda ofisini kukata filamu. Kamera yetu hukaa juu ya mnara, hupiga uwanja wote, na kazi ya mkataji ni kutoa makosa ya kila mtu, kipande kimoja kimoja, kila mmoja aje kutazama dhambi zake. Msaidizi wa chini kuliko wote mnamjua.

Nilikata makosa ya watu wote kwa moyo mkunjufu. Nikafika sekunde kumi na moja za mwisho.

Nikajiona. Hakuna shaka hata ya dawa. Mimi huyo, mikono juu kama mtu aliyeshinda ng'ombe kwenye bahati nasibu. Mwamuzi huyo anakuja. Kifua kwa kifua. Kisha mzee Stuhr, hatua moja nyuma ya mstari, katulia kuliko siku zote nilizomjua, ananyoosha mikono ananivuta. Mguu wake haukugusa ukanda mweupe hata kidole.

Simu ikaita. Bi. Ackerman.

"Kocha Novotny, umeamka?"

"Niko kazini, Bi. Ackerman."

"Ndiyo maana nakupenda. Sikiliza, Verlyn anaondoka. Nimemwambia, ameelewa. Nataka wewe ushike timu."

"Nishike... kwa wiki hii?"

"Uishike. Mwaka ujao, na unaofuata kama Mungu akipenda. Jana nilikuwa kule juu kwenye chumba cha vioo. Nilikuona ulivyovutana naye. Benchi zima mtu mmoja tu ndiye alikuwa na akili, anamzuia yule mzee asituharibie. Nikasema, huyo ndiye."

Mbele yangu, kwenye kompyuta, mtu mwenye akili alikuwa amesimamishwa katikati ya ukanda mweupe, mdomo wazi.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Unaikubali au huikubali?"

"Naikubali. Asante sana."

Nilifurahi. Nawaambia bila kuona haya, nilifurahi, na mnaotaka kuniandikia barua za matusi anwani mnayo. Kisha nikachagua kile kipande, sekunde kumi na moja, nikakifuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikaiambia nina hakika. Nikaenda mpaka kwenye nakala iliyokuwa kwenye kabati, nikaifuta nayo. Kamera yetu ni moja, nakala zilikuwa mbili. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilimpigia Janelle.

"Kocha mkuu?" akapiga kelele. "Wewe? Wewe unayeshika suruali za watu?"

"Mimi."

"Tunabaki?"

"Tunabaki."

Akaitupa simu mezani bila kuikata. Kisha nikasikia utepe wa gundi wa boksi unachanwa, kwarara, na Maren kwa mbali anauliza kuna nini, na mama yake anamwambia, "Lete mkasi mwingine, mwanangu, tunafungua vyote!"

Nilibaki na simu sikioni naisikiliza ile sauti, boksi moja baada ya jingine. Nilisikia na tarumbeta.

Mchana nikamkuta Kocha Stuhr ofisini kwake anapanga vitu kwenye ndoo mbili za chakula cha ng'ombe. Miaka thelathini na minne ya kazi, ndoo mbili.

"Kaa, Mkia."

"Nitasimama tu, mzee."

"Hongera. Nimesikia."

"Asante."

"Filamu umeikata?"

"Nimeikata."

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Nilitaka kukiona kile kipande cha mwisho," akasema, anafuta vumbi kwenye picha. "Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nimemrudisha mtu nyuma. Nilitaka nione nilivyopendeza."

Nilikaa kwenye kile kiti nilichokikataa.

"Unajua?"

"Nina hasira, Novotny, sina upofu. Ulidhani nimeshika koti la nani, la askofu?"

"Sasa mbona hukusema? Mbele ya wale vijana wote, mzee..."

"Na wewe mbona hukusema?"

Alinitazama, akacheka, si kwa ubaya. Akanirushia kolachi iliyokuwa mezani, andazi lenye plamu katikati, nami nikaidaka kwa sababu sikujua la kufanya.

"Alhamisi Gwendolyn aliniita," akasema. "Akaniambia nishinde nisishinde, ninaondoka. Mambo ya ushindi yalikuwa ya kuwatia moyo nyinyi. Sasa mtu ameshalowa, umkingie mwavuli wa nini? Jana usiku nikampigia, nikamwambia, mchukue Novotny, ana binti anamaliza shule. Nikamwambia na mengine mawili matatu, hayo si yako."

"Mzee, siwezi kuubeba mzigo huu."

"Ubebe. Mwenzio sina hasara. Kule kwetu Dannevik, shule ya sekondari wananitaka. Mjukuu wangu Anders mwakani anacheza mwaka wake wa mwisho." Akaiweka picha kwenye ndoo taratibu. "Unajua sijawahi kumwona akicheza? Wao wanacheza Ijumaa. Kila Ijumaa mimi niko kwenye basi, naenda kufundisha watoto wa wenzangu. Hata mchezo mmoja, Curtis. Mwakani nitamfundisha mwenyewe."

Hakuwahi kuniita Curtis kabla ya siku ile.

"Kesho mchana naenda kuwapa mkono," akasema. "Kwa hiyo funga mdomo wako. Hiyo ndiyo amri yangu ya mwisho, na nyingine zote hukuzisikia."

Niliondoka pale mwepesi. Nilikula kolachi njiani. Nilijisamehe kabla sijafika kwenye gari, na Jumapili hiyo nikalala usingizi mmoja mpaka asubuhi.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku moja.

Jumatatu saa tano Bi. Ackerman akaniita. Mwanamke mrefu, mvi zimekatwa fupi, hapotezi neno. Mezani palikuwa na karatasi moja na kalamu juu yake.

"Kazi yako ya kwanza," akasema. "Shirikisho la michezo ya vyuo limeandika. Yule mwamuzi ameteguka bega. Wanataka jina la kocha aliyemgonga, limethibitishwa na shahidi aliyekuwepo. Wewe ndiye ulikuwa karibu kuliko wote. Andika jina, weka sahihi, wanaitaka karatasi kabla ya saa sita."

"Wakipata jina, wanalifanyia nini?"

"Wanamfungia mwaka mmoja. Hafundishi popote."

"Popote? Hata sekondari?"

"Shule zote za jimbo zinafuata orodha yao. Lakini Verlyn anapumzika, haitamgusa."

"Hapumziki," nikasema. "Anakwenda Dannevik. Mjukuu wake ana mwaka mmoja tu."

Naapa uso wake ulilegea. "Hakuniambia," akasema. "Ningejua ningemtakia heri. Lakini mtu ana bega limeteguka, Kocha. Siwezi kuwaandikia kwamba hakuna aliyemgonga."

Nilitazama ile nafasi tupu ya jina. Likiingia jina la mzee, Anders anamaliza shule na babu yake yuko jukwaani kama mtu yeyote, au hata huko hafiki kwa aibu. Likiingia langu, mwaka mzima sifundishi mtu hata kufunga kamba za viatu, timu anapewa mwingine, na yale maboksi kumi na mawili yanarudishiwa gundi. Nilimwona Maren na mkasi mkononi.

Nilikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyotaka mjue.

"Bi. Ackerman," nikasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemgonga. Mzee alikuwa ananivuta mimi. Niliachia mkanda, nikaingia ukandani, nikamgonga. Yeye hakugusa hata mstari."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Macho yakanilowa. Nikasubiri anifukuze.

Bi. Ackerman akatabasamu.

"Verlyn alinionya," akasema.

"Alikuonya nini?"

"Aliniambia, 'Gwendolyn, huyu Novotny ana moyo wa maziwa. Atakuja kwako kubeba kosa langu, atalia na machozi. Usimwamini, ndiyo tabia yake.' Na kweli umekuja, na machozi unayo. Sasa ndiyo naona sikukosea kukuchagua."

"Mama, nakwambia ukweli!"

"Basi niletee filamu."

"Filamu haipo. Imefutwa."

"Nani kaifuta?"

"Mimi."

Alivua miwani. "Hebu nieleze polepole, maana mimi nimesomea hesabu tu. Ulifuta ushahidi wa kosa lako, ili uje uniambie kosa lako?"

"Nilipofuta nilikuwa sitaki kukuambia!"

"Na sasa unataka."

"Sasa nataka!"

"Kocha Novotny, una kipaji. Kanisani wangekuhitaji." Akavuta simu ya mezani, akaminya kitufe cha sauti kubwa. "Tumalize. Tumuulize mwenyewe."

Ikaita mara moja, mbili. Nilishika ukingo wa meza. Nilimwomba Mungu wa mama yangu kwamba yule mzee, angalau leo, aseme ukweli.

"Stuhr!" Sauti ilikuja na mngurumo wa gari na vifuta maji vya kioo.

"Verlyn, ni Gwendolyn. Niko na Novotny hapa. Anasema ni yeye aliyemgonga mwamuzi. Shirikisho linauliza. Ni nani?"

"Si nilikuambia!" Akacheka kicheko cha kifua kizima. Sijawahi kumsikia na furaha namna ile. "Ni mimi. Mimi mwenyewe, kwa kifua changu hiki. Andika. Na mwambie huyo bwana aache kujitia utakatifu, haumkai."

"Mzee!" nikapiga kelele. "Sema kweli! Watakufu..."

"Siwasikii, mvua inapiga! Niacheni niendeshe. Dannevik wameoka keki, na Anders katolewa darasani aje anipokee!"

Simu ikakatika.

Niliruka nikapiga mimi. Haikuita. Nikapiga tena. Kila mtu hapa anajua Verlyn Stuhr akiendesha kwenye mvua hupokea simu moja, akizima hawashi mpaka afike. Na Dannevik ni mwendo wa saa mbili.

Bi. Ackerman aliisogeza ile karatasi mpaka ikagusa mkono wangu.

"Saa sita kasoro robo," akasema. "Andika jina, Kocha Mkuu."

Haya, kunjeni gazeti mkale; mimi nabaki hapa hapa, nimeshika kalamu, mpaka wiki ijayo.